Lori la Mjomba Kibwana na Mtani Tuliyemponza

Nyote mlioniuliza nilikuwa wapi, hasa ninyi wa dawati la nyuma mliokwisha kugawana godoro langu mkidhani nimeliwa na mamba, jibu ni hili. Mwalimu Mkuu nimekwisha kumjibu kwa makalio, tena kwa ufasaha, kwa hiyo hapa nasema na ninyi tu. Nilikwenda Mombasa na mjomba wangu kununua lori. Habari za vibali na mihuri, na za karani aliyetuuliza jina la babu kila mara kana kwamba babu angebadilika, naziruka. Anayezitaka akapange foleni mwenyewe.

Matopeni

Mjomba Kibwana ni kaka wa mama yangu. Tangu sijazaliwa yumo mikokoni huko kwenye visiwa vya delta ya Rufiji. Anakata boriti, anazibeba begani kwenye tope la magotini, anazipanga ukingoni zingoje mnunuzi. Kazi hiyo imempa nyumba ya bati pale Kibiti, na imemchukulia mgongo. Sasa amejikunja kama kamba aliyechemshwa. Akiinama humtaja Mungu, akiinuka humtaja tena kwa sauti zaidi. Tabibu wa zahanati alimwambia, "Mzee, ukiendelea na boriti, atakayebebwa ni wewe."

Basi mjomba akauza shamba lake la minazi, lote, asibakize hata mnazi wa kufungia mbuzi. "Boriti wakate wenye migongo," akasema. "Mimi nitazichukua kwa lori nikaziuze mjini." Maana malori ya watu ndiyo yaliyokuwa yakila faida yake mwaka nenda mwaka rudi. Dar es Salaam walimwambia angoje, na hawakumwambia mpaka lini. Mombasa, watu walisema, malori mapya yanashuka melini kila mara, na bei ya huko inasikia maneno. Kwa hiyo hapo mjue jambo moja tu: minazi imekwenda na mgongo umekwenda. Asiporudi na lori, ndiyo basi.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya Kiingereza changu, nisome yaliyoandikwa kwenye gari. Mama aliniruhusu haraka mno mpaka nikaona uchungu.

Nilimfuata kambini kwa mtumbwi, na safari yetu ikaanza kwa kutokwenda. Maji yalikupwa tukiwa katikati ya kijito, mtumbwi ukakaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Mimi na kukaa mnatujua, hatupatani. Nikasimama, nikaketi, nikasimama, nikarusha tope, nikawaimbia kaa nyimbo za shule.

"Wewe mtoto, utatupindua."

"Nyayo zinaniwasha, mjomba."

"Zikune kimya kimya. Maji yatarudi, hayana kwingine kwa kwenda."

Yakarudi, kwa uvivu wao wenyewe, nasi tukaingia bandari ya Nyamisati tukiwa na rangi moja na mtumbwi.

Juu ya korosho

Pale Kibiti mkazamjomba alitufungia mikate ya kumimina na papa mkavu. Huyo papa alikuwa na harufu ya kutangulia. Tulipofika kwenye lori la kwenda Dar es Salaam, watu walikuwa wamekwisha kusogea kabla hawajatuona.

Tulipanda juu ya magunia ya korosho. Lori lilikwama kwenye mchanga, likatolewa, likakwama tena mbele kidogo ili tusisahau. Kila likikwama, sisi tuliolipa nauli tulishuka kusukuma, na mwenye lori alibaki mbele akimenya chungwa. Mjomba hawezi kusukuma. Alisimama kando kwenye jua, na nilimwona anavyomtazama yule mtu na chungwa lake, kama mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani. Nikataka kumtania, nikaona leo acha.

Mjomba wangu mamba

Dar es Salaam tulilala kwa ndugu mmoja ambaye alituuliza tunaondoka lini kabla hajatuuliza tumefikaje. Kisha meli, sisi abiria wa juu ya sitaha, bega kwa bega kama dagaa.

Jirani yangu alikuwa bwana mmoja wa Lamu, mtu wa kanzu safi na maswali mengi. Aliposikia tunatoka Rufiji akanisogelea. "Kijana, ni kweli kwenu kuna watu wageukao mamba?"

Nyayo zilikuwa zinaniwasha. Bahari ni ile ile kutwa, na mjomba alikuwa anasinzia. Nifanye nini sasa?

"Wapo," nikamnong'oneza. "Lakini hawageuki ila wakiamshwa ghafla." Nikamwonyesha mjomba kwa kidevu.

Yule bwana akamtazama mjomba, mgongo ule uliojikunja, mdomo umefunguka kidogo, meno ya mbele mawili nje. Akachukua mkeka wake. Haukupita muda, habari ikaizunguka sitaha nzima, nasi tukapata nafasi ya kulala miguu imenyooka. Mjomba alipoamka akashangaa. "Watu wa pwani ya juu wana adabu sana," akasema, "hawambani mzee." Akawapelekea papa wetu kwa shukrani. Hawakumla, lakini walimpokea kwa mikono miwili.

Kununua kwa kunyamaza

Mombasa tulifikia nyumba ya kupanga vitanda, tukala mahamri na mbaazi mpaka nikasahau kwamba nina kwetu. Kisha tukaelekezwa gereji ya Bwana Jivan, mzee wa Kihindi mzaliwa wa pale pale, mwenye miwani na Kiswahili kinachotiririka kuliko changu. Na hapo uani ndipo liliposimama lori, kijani, jipya, vioo bado vina karatasi. Shavu la mjomba lilitaka kucheka. Akalizuia.

Bwana Jivan alilisifu lori mpaka lori lenyewe likaona haya. Kisha akataja bei. Siiandiki, maana daftari hili ni la shule na bado nina hesabu za kufanyia humo.

Sasa sikilizeni. Kwa wakata boriti wa delta, bei haipatanwi kwa mdomo. Mwenye mali hutaja bei mara moja, kisha wote wawili huketi juu ya rundo la boriti na kunyamaza. Uso mkavu, hakuna kucheka, hakuna kuguna. Asiyestahimili akafungua mdomo, huyo ndiye anayelegea. Nimewaona wazee wakikaa hivyo mpaka maji yakawapanda miguuni. Basi mjomba akaketi juu ya ubao wa kupandia lori, akanyamaza.

"Haya, mzee, nawe sema lako," Bwana Jivan akamwambia.

Mjomba akatazama tairi.

"Waona ghali? Sema, tuzungumze."

Tairi.

Bwana Jivan akanigeukia. "Baba yako hajambo?"

"Ni mjomba. Hajambo. Anapatana bei."

Bwana Jivan akashuka kidogo. Kimya. Akaagiza kahawa na halua, mjomba akala halua kimya. Akashuka tena, kidogo kuliko mwanzo, akasema wallahi hapo ndipo mwisho. Mjomba akalamba vidole. Jioni tukaaga, kesho yake tukarudi kwenye ubao ule ule. Na siku hiyo mzee wa watu alikuwa ameng'amua mchezo. Alileta kiti chake, akakiweka mbele ya mjomba, akakunja mikono, naye akafunga mdomo. Wazee wawili wakatazamana kama majogoo waliochoka kupigana lakini hakuna anayetaka kuondoka kwanza.

Wenzangu, nilikuwa nakufa. Nilisoma kila kilichoandikwa kwenye lori, hata namba za matairi. Nilisoma kibao cha "usivute sigara" mpaka nikatamani sigara. Nikazunguka ua. Nyuma ya lori nikamkuta mtu mrefu mwenye suruali iliyojaa grisi, anafuta taa na kupiga mluzi.

"Kwenu wapi, kaka?"

"Mbali. Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi. Una neno?"

Nilikuwa nalo. Mnajua ninyi, lakini kuna wa bara wanaosoma hapa: sisi Wandengereko na Wanyamwezi ni watani, tangu babu zao waliposhuka pwani na misafara, pembe vichwani. Mtani humwambia mtani wake lolote, humnyang'anya kofia, hukamata mali yake mpaka ikombolewe, na kukasirika ni mwiko. Siku ya msiba, ndiye anayeosha maiti na kuchimba kaburi huku akimtania marehemu. Kumpata mtani ugenini ni zaidi ya kumpata ndugu. Ndugu atakuuliza unaondoka lini.

"Ala! Mpagazi!" nikamwambia. "Mzigo wa watu umeutua wapi?"

Kitambaa kikabaki hewani. "Wewe kijusi, kabila gani?"

"Mndengereko. Wa Rufiji."

"Mungu wangu! Ndiyo maana tangu jana ua unanuka papa! Nilidhani kuna paka amekufa chini ya injini."

Jina lake Maganga. Huyo mtu alizaliwa na ndimi mbili. Aliniuliza kama kweli kwetu nyumba zina miguu kama korongo kwa sababu mto hututimua kila mwaka. Nikamwambia ni madungu, ya kulindia mpunga, na kwamba babu yake alipofika pwani alionja bahari akauliza nani amepoteza chumvi yote hii. Akasema babu yake aliionja, ndiyo, lakini hakunawia uso maji ya mamba. Kisha akauliza, "Na yule aliyepinda pale mbele ni nani?"

"Mjomba wangu. Ndiye mnunuzi."

Macho yake yakawaka kama taa alizokuwa akifuta.

Bei ilivyoanguka

Wakati huo Bwana Jivan alikuwa ameitwa ofisini na mteja mwingine. Mjomba amebaki juu ya ubao peke yake, uso mkavu, anamngoja. Maganga akamjia, akamvua kofia, akaivaa mwenyewe.

"Huyu ndiye anunue lori? Huyu! Mla mamba! Atalifunga kamba shingoni alipeleke mtoni likanywe maji! Mzee, lori halina mkia, utalishika wapi?"

Mjomba anapenda utani kuliko wali. Lakini mlango wa ofisi uko wazi, na akicheka tu, siku mbili za kunyamaza zimekwenda na maji. Akauma meno. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mtazame! Hata kusema hajui, amezoea kuzungumza na vyura! Mgongo umepinda kwa kutafuta kaa waliompita mbio!" Maganga akaingia ndani ya lori, akafunga mlango. "Gari nimelikamata! Halitoki mpaka nikombolewe!"

Machozi yakaanza kumtoka mjomba. Ya kicheko, kilichokosa mlango kikapitia dirishani. Mabega yakamtetemeka. Na hapo ndipo Bwana Jivan alipotoka nje, akaona mteja wake mzee, kichwa wazi, analia kimya, na mfanyakazi wake amevaa kofia ya huyo mzee anamtukana kwa mgongo wake.

"Maganga! Shuka!"

"Bwana, huyu ni wangu, huyu ni..."

"Shuka! Mzee wa watu waja kumliza uani kwangu? Chukua sanduku lako. Sitaki kukuona hapa."

Maganga alikuwa analala pale pale gereji. Alishuka, akairudisha kofia kichwani kwa mjomba, polepole, akatutazama sisi. Alikuwa anangoja. Neno moja tu lilitosha, la mjomba au langu. Mjomba alikuwa amefunga mdomo kwa ajili ya bei. Mimi, mwenye Kiswahili chote na Kiingereza kidogo, sikutumia hata kimoja.

Bwana Jivan akamshika mjomba mkono kwa mikono miwili. "Niwie radhi, mzee wangu. Aibu hii si ya nyumba yangu. Chukua lori, na bei ni hii." Akataja bei ambayo hata ndotoni hatukuiota. Mjomba akaitikia kwa kichwa. Wakakubaliana malipo asubuhi.

Tulipopinda kona ya mtaa, mjomba akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. "Ati namzungumzisha chura!" akasema, "ati kaa wamenipita mbio!" Kisha kicheko kikakatika kama kamba mbovu, kila mmoja akatazama kwake.

Mkahawani aliletewa mkate wa mofa na mchuzi, akaupaka mchuzi kwa kidole. Nikamwambia, "Mjomba, kula. Bei tumepata. Petroli ya njia nzima tunayo na matairi ya akiba juu."

"Tumepata kwa kuuza nini?"

"Si minazi?"

"Minazi niliuza Kibiti. Hapa leo tumemuuza mtani." Akasukuma sahani. "Nikifa kesho katika mji huu, nani atanishika miguu anitie kaburini? Wewe? Wewe hata kukaa huwezi."

Bei iliyopanda

Asubuhi Maganga alikuwa langoni, amekalia sanduku lake la bati. Mjomba akasimama mbele yake. Maganga akatazama pembeni. Hakututania. Hilo liliniuma kuliko kiboko chochote cha shule, na mnajua ninavyo vya kulinganisha.

Tukaingia ofisini. Mjomba akafungua mdomo wake kwa mara ya kwanza mbele ya Bwana Jivan, na mzee wa watu akaruka kitini kidogo, kama amesikia kabati likisema.

"Bei ya jana ni ndogo," mjomba akasema. "Pandisha."

Bwana Jivan akavua miwani. "Nipandishe?"

"Irudishe ilipokuwa. Na yule mtu umrudishe kazini."

"Mzee, nimekwisha kukupa. Sitaki zaidi."

"Nami sitaki pungufu."

Bwana Jivan akaingiwa na shaka. Aliondoka akaenda kulitazama lori upya, akainama chini yake, akarudi. Nadhani alifikiri ameisahau humo dhahabu. "Basi toa nusu ya tofauti," akasema kwa tahadhari.

"Yote."

"Robo! Mzee, robo, tumalize!"

"Yote, na Maganga."

Mimi nimepigwa, nimekwamishwa, nimelala na papa, lakini sijapata kuona kitu kama hicho: mnunuzi anavuta juu, muuzaji anavuta chini, wote wanatoka jasho. Mwishowe mjomba akaeleza habari ya utani, misafara, makaburi, yote. Bwana Jivan akasikiliza, akatikisa kichwa. "Alikutukana ukalia. Niliona kwa macho yangu."

"Nilikuwa nacheka."

"Kwa machozi?"

"Kwa sababu ya bei yako!"

Bwana Jivan akaamuru Maganga aitwe. Akasimama mlangoni, sanduku mkononi. "Maganga, sema kweli. Hawa ni watani wako?"

Wenzangu, kazi yake ilikuwa inaning'inia kwa neno moja. Ndiyo, tu. Maganga akatutazama juu mpaka chini, polepole.

"Hawa? Bwana, mimi siwajui. Mimi sina urafiki na vitu vitokavyo mtoni."

Mjomba akaanguka juu ya meza. Safari hii alicheka kwa mdomo, kwa mabega, kwa mgongo ule mbovu, akipiga meza na kusema "Allah, Allah, nishikeni!" Maganga akaendelea, kila tusi likimwongezea kicheko kama kuni motoni. Bwana Jivan akatazama mdomo wa huyu na machozi ya huyu, mara mbili, tatu. Nikaona jambo likimwingia. Akatabasamu. Akamnyooshea mjomba kidole, akasema kwa furaha, "Kumbe! Mla mamba!"

Mjomba akaacha kucheka, akanyooka kadiri anavyoweza. Maganga akaweka sanduku chini. "Bwana," akasema taratibu, "wewe usiseme hivyo."

"Kwa nini? Si maneno yale yale?"

"Maneno ni yale yale. Mdomo si ule."

Mzee wa watu akaketi. Akafuta miwani yake kwa muda mrefu sana. "Nimezaliwa mji huu," akasema, kama anajisemea, "na hili sikulijua." Kisha akamwomba mjomba radhi, mjomba akampa mkono, na mambo yakaenda mbio. Maganga amerudi kazini. Bei imerudi juu. Na kazi yake ya kwanza, kutupeleka na lori mpaka Kibiti, kisha arejee kwa meli. Bwana Jivan akatujazia tangi la petroli. "Hili si punguzo," akasema. "Ni faini ya mdomo wangu."

Mwendo wa vyungu

Tangi hilo moja ndilo tulilokuwa nalo. Fedha za petroli zilibaki mezani kwa Bwana Jivan. Basi tangu kivuko cha Likoni tulikuwa tunaomba mizigo kama waomba sadaka. Mpaka Tanga tulichukua magunia ya vitunguu na mtu mwenye mbuzi aliyekula karatasi za vioo. Mbuzi ndiye aliyekula, mtu alilala. Maganga akasema afadhali mbuzi amejifunza kusoma, maana yule msomi wa Rufiji tangu Mombasa anasoma kibao kimoja.

Njia ya Handeni tulimpakia mama mmoja fundi wa vyungu, na vyungu vyake vimejaa lori zima, vimefunikwa majani. Alilipa vizuri, tena na kuku wa kuchoma juu. Lakini sharti lake lilikuwa moja: lori liende mwendo wa mtu aliyebeba chungu kichwani. Si pungufu, si zaidi. Mwenyewe alikaa juu na fimbo, na Maganga akikanyaga kidogo tu, fimbo hulia juu ya paa: ko!

"Mama, hata konokono wametupita!" nikamwita kutoka dirishani.

"Wamebeba vyungu hao konokono?"

Tukaenda mwendo wa jeneza. Baiskeli zilitupita. Bibi mwenye mkongojo alitupita, akatusalimu, akatungoja mbele, akatusalimu tena. Nyayo zangu ziliwaka moto, nikashuka nikawa natembea kwa miguu mbele ya lori jipya kabisa la mjomba wangu. Mjomba alikaa kwa raha zake zote, anatafuna paja la kuku. Alikuwa anasafiri na hakuna anayemwambia asukume. Tulipompakua yule mama akahesabu vyungu vyake kimoja kimoja. Vyote vizima. "Dereva wako ana moyo," akamwambia mjomba. "Wapagazi hawa," mjomba akajibu, "wameumbiwa kubeba polepole." Maganga akafurahi kama amepewa nishani.

Morogoro tukapakia mahindi, Dar es Salaam tukayashusha, na kule mchangani mwa Mkuranga mvua ikatushika. Tulikwama. Mjomba akataka kushuka kwa mazoea. Maganga akamzuia kwa mkono mmoja, akashuka yeye, akanivuta na mimi sikio, tukasukuma.

Kibiti

Tuliingia Kibiti jua la asubuhi, honi ikilia kutoka nyumba ya kwanza. Watu wakatoka, vigelegele, watoto wakaning'inia nyuma. Mkazamjomba akatoka na unga mikononi, akaligusa lori akaliachia alama ya kiganja.

Tulishuka wawili. Maganga hakushuka. Akapandisha vioo, akafunga milango, akashika usukani.

"Gari nimelikamata!" akasema kupitia ufa. "Nimewabeba watu wa mtoni kutoka Mombasa, harufu yao imeniingia mpaka kwenye mifupa. Kombozi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wazee wakampigia makofi, mtani halisi huyo. Lakini mimi nilijua, na mjomba alijua. Akatoa mifuko yake nje, mmoja, wa pili, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Hakuna kitu, nauli za njiani zote zimeliwa na petroli. Shamba la minazi lote lilikuwa limesimama pale mbele yetu kwa magurudumu, na ndani yake mtu amejifungia. Kukamatwa ni utani, lakini kukombolewa ni kweli. Mali isiyokombolewa haina baraka, na kila mzee aliyekuwapo alikuwa anatazama.

Mjomba akaingia ndani ya nyumba. Akakaa. Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nikahama mguu huu kwenda mguu ule. Kisha akatoka, na mkononi ana shoka lake la boriti, lile la miaka yote, mpini umekuwa mweusi kwa jasho na tope. Kicheko kikapungua, kikaisha. Alilinyanyua mpaka dirishani kwa mikono miwili.

"Sina zaidi ya hili," akasema. "Limenila mgongo. Likule na wewe."

Maganga akauachia usukani. Alishusha kioo, akalipokea kwa mikono miwili, akafungua mlango, akashuka.

"He!" mkazamjomba akapaza sauti. "Na kuni za kukupikieni nitachanjia nini? Meno yenu?"

Basi Maganga akaongozwa nyuma ya nyumba, akachanja kuni kwa shoka lake mwenyewe, mkazamjomba amesimama juu yake akimwita mpagazi wa bure. Mjomba akaketi barazani, miguu imenyooka. Nikaketi naye, na mnajua mimi sikai. Tukasikiliza, ko, ko, ko, kutoka nyuma.

"Kumbe lina sauti nzuri," akasema mjomba, "ukilisikia umekaa."